Mgongo Haurithiwi: Tatuu, Wakusanyaji Wake na Kazi za Pembeni za Wachoraji



Katika jumba la makumbusho la MONA, mjini Hobart kwenye kisiwa cha Tasmania, kuna Mswisi aitwaye Tim Steiner ambaye kwa miaka mingi amekuwa akienda kukaa kifua wazi juu ya kijukwaa, mgongo ameuelekeza kwa watazamaji, hasemi, hageuki. Mgongoni ana tatuu iliyobuniwa na msanii Mbelgiji, Wim Delvoye: Bikira Maria mwenye fuvu juu ya kichwa, watoto waliopanda samaki, mawaridi, ndege. Mwaka 2008 mkusanyaji wa sanaa wa Ujerumani, Rik Reinking, aliununua mchoro huo kwa yuro 150,000, na Steiner akapata theluthi yake. Mkataba unasema akiwa hai ajitokeze kuonyeshwa kila mwaka, na siku akifa ngozi ichunwe, iwekwe kwenye fremu, akabidhiwe mwenye mali.

Naona wengine mmeshika vichwa. Mtunisia Kaouther Ben Hania naye alishtuka, ila yeye akatengeneza filamu. *The Man Who Sold His Skin*, ya mwaka 2020, inamhusu mkimbizi wa Syria anayekubali kuchorwa mgongo kwa sababu kazi ya sanaa huvuka mipaka kwa urahisi kuliko mwenye pasipoti ya Syria. Filamu hiyo ilifika hadi kwenye orodha ya wanaowania Oscar. Lakini mimi kuna jambo dogo zaidi linalonikera katika habari ya Steiner. Delvoye ndiye anayetajwa kuwa msanii, ilhali sindano haikuwa mkononi mwake. Aliishika mchora tatuu mwingine, saa nyingi ameinama, na jina lake ni wachache wanaolijua.

Leo nataka kumzungumzia huyo aliyeinama, na yule anayelala chini ya sindano yake. Najua nazungumza wapi. Wapo humu ambao dini zao zinakataza kuchora mwili, na wapo vijana wanaofahamu kwamba matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi huweka sharti mwombaji asiwe na alama za kuchorwa. Sikuja kumshawishi mtu. Mimi mwenyewe sijachorwa, na mama yangu akisikia nimekuja kuhadhiri juu ya tatuu atataka kunikagua mikono. Nimekuja kuuliza swali la historia ya sanaa: kazi ambayo mwenye nayo huzikwa nayo, huwaje ikawa na historia?

Mkusanyaji wa kawaida hana mkataba wala fremu. Ni mtu anayemfuatilia mchoraji, anajiandikisha miezi kabla, anasafiri, analala saa nne au tano, anaondoka na nusu ya picha, kidonda kikipona anarudi kumalizia. Mkono huu ni kazi ya huyu, paja lile ni kazi ya yule. Anawajua kama shabiki wa dansi anavyojua nani alipiga gitaa la solo katika wimbo upi. Hawezi kuuza, hawezi kubadilishana, hawezi kuwagawia watoto. Hata yeye mwenyewe, kama kazi iko mgongoni, anaiona kwenye kioo tu.

Na wino wenyewe haujatulia kama tunavyodhani. Sindano huupeleka kwenye ngozi ya ndani, chini ya ile inayochubuka kila siku. Huko seli za kinga huumeza zikidhani ni adui, na kwa kuwa haziwezi kuumeng'enya hubaki nao. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille walionyesha, kwa panya, kwamba seli hizo zikifa huuachia wino, na seli nyingine jirani huudaka. Tatuu ya miaka 30 imeshapita mikono mingi ndani ya mtu mmoja.

Wapo waliojaribu kukusanya ngozi zenyewe. Daktari Fukushi Masaichi wa Tokyo, aliyezaliwa mwaka 1878, alikuwa mtaalamu wa patholojia. Alivutwa na ngozi zenye wino kwa sababu za kitabibu, akichunguza kaswende, kisha akanasa katika uzuri wa michoro. Japani ya wakati wake ilikuwa imepiga marufuku tatuu tangu mwaka 1872, na marufuku haikuondolewa hadi 1948. Kwa hiyo waliochorwa walikuwa wakijificha, na wengi waliishiwa fedha kabla mgongo haujakamilika. Daktari akawalipia wakamilishe, kwa makubaliano kwamba wakifa ngozi ni yake. Sehemu kubwa ya picha na kumbukumbu alizokusanya ilipotea wakati wa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Ngozi zilizobaki, zaidi ya mia moja, zinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Tokyo, na mtu wa kawaida haruhusiwi kuingia kuziona.

Uingereza nako kuna mkusanyiko wa takriban vipande 300, ulionunuliwa Paris mwaka 1929 kwa niaba ya tajiri wa dawa Henry Wellcome. Humo mna meli, mioyo, majina ya wapenzi, nyuso za wanawake. Kinachokosekana ni majina ya wenye ngozi. Fukushi aliomba, hawa hawakuombwa, na kwangu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya mtindo au rangi. Hata hivyo, ngozi zote hizi, za aliyeridhia na za asiyeulizwa, zina upungufu uleule. Mchoraji wa Kijapani hupanga joka lake ili lipinde bega linapopinda. Ukilitandaza kwenye kioo, limekuwa kitambaa.

Ndiyo maana nasema tuache ngozi, tutazame kazi za pembeni. Historia ya tatuu imebebwa na vitu ambavyo wachoraji walivitengeneza kabla ya kuchora, baada ya kuchora, au siku ambazo hakuna mteja aliyetokea.

Chukueni Japani hiyohiyo. Mwaka 1827 Utagawa Kuniyoshi alianza kutoa michapo ya mbao ya mashujaa wa hadithi ya Kichina ya *Suikoden*, majambazi 108 wenye huruma kwa wanyonge. Kadhaa kati yao aliwachora wakiwa na tatuu kubwa mwilini. Zimamoto na vibarua wa mji wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, walizipeleka karatasi hizo kwa wachora tatuu wakasema nataka hivi. Karatasi ikaingia mwilini. Zaidi ya miaka 150 baadaye bwana wa Yokohama anayejulikana kama Horiyoshi III ametoa vitabu vya michoro ya mashujaa walewale na vya mashetani, na mwaka 2000 alifungua jumba dogo la makumbusho ya tatuu mjini kwake. Mwili ukarudi kwenye karatasi.

Marekani ilikuwa na haraka zaidi. Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya umeme ya kuchora tatuu mwaka 1891, akiwa ameiga kalamu ya umeme ya Thomas Edison ya mwaka 1876, kifaa cha ofisini kilichotoboa karatasi ili inakilishwe. Mashine ikafanya kazi iende mbio, na baharia mwenye saa mbili za mapumziko bandarini hakuja kubuni, alikuja kuchagua. Ukutani palikuwa na mabango yaliyopakwa rangi: nanga, mbayuwayu, tai, binti wa Hawaii, kila moja na bei yake.

Lakini kifaa ninachokipenda kuliko vyote katika biashara ile ni stensili ya seluloidi. Ni kipande cha plastiki inayopitisha mwanga, kama jani kwa ukubwa. Mchoraji huweka mchoro chini yake, kisha kwa ncha ya sindano hukwangua mistari juu ya plastiki mpaka inakuwa vifereji. Humwagia unga wa makaa, hupangusa, unga unabaki kwenye vifereji tu. Mkono wa mteja umeshanyolewa na kupakwa vaselini. Stensili inagandamizwa, inabanduliwa, na hapo kuna mistari ya kijivu ya kufuata. Stensili moja ilitumika kwa mamia ya mikono. Ukiiangalia ya zamani kwenye mwanga utaona pale ambapo mchoraji aliona bawa la tai limekaa vibaya, akakwangua mstari wa pili kando ya ule wa kwanza. Mikono ile imeoza. Masahihisho yapo.

Leo vitu hivi vinatafutwa. Lyle Tuttle wa San Francisco, mtu aliyemchora Janis Joplin, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya mashine za zamani, mabango na kadi za biashara za wenzake hadi alipofariki mwaka 2019. Wachoraji ndio waliokuwa wakusanyaji wa kwanza wa historia yao, kwa sababu wataalamu wa majumba ya sanaa walikuwa wanawapita wakienda zao.

Kati ya hao yumo Norman Collins, aliyejiita Sailor Jerry, mwenye duka mjini Honolulu. Alizaliwa 1911, akafariki 1973. Collins hakuwapenda Wajapani, kumbukumbu ya Pearl Harbor ilikuwa mbichi, lakini aliona wanachora kumzidi. Basi akawaandikia barua. Akabadilishana nao michoro, akajifunza kuufanya mwili wote uwe picha moja yenye upepo na mawimbi nyuma yake. Husimuliwa kwamba aliacha usia duka lake lichukuliwe na mmoja wa wanafunzi wake watatu aliowataja, la sivyo lichomwe moto. Mike Malone alilinunua, na mabango yakasalimika. Leo jina la Collins liko kwenye chupa za ramu, biashara ambayo sijui angeipokeaje.

Wa pili kati ya waliotajwa ni Don Ed Hardy, na hapa niruhusuni nikae kidogo. Alizaliwa 1945, akakulia pwani ya California. Akiwa mtoto wa miaka kumi hivi aliwachora watoto wa jirani kwa penseli za rangi na wanja. Akasomea uchapaji wa sanaa San Francisco, akahitimu 1967, akapata nafasi ya kuendelea Yale. Akaikataa, akaenda kuchora tatuu. Wenzetu wa idara ya uchapaji mliopo hapa fikirieni wazazi wangesemaje. Mwaka 1973 alikwenda Gifu, Japani, kufanya kazi kwa bwana Horihide, mmoja wa wale Collins aliowaandikia barua. Aliporudi alifungua San Francisco, mwaka 1974, studio ambayo haikuwa na bango la kuchagua. Mteja aliweka miadi, akaja na wazo, wakazungumza, mchoro ukabuniwa kwa ajili ya mwili wake peke yake. Hili linaonekana la kawaida leo. Wakati ule mchoraji wa bandarini angekucheka.

Na mkono wake wa pembeni haukupumzika. Mwaka 1982 yeye na mkewe, Francesca Passalacqua, walianza uchapishaji wao wenyewe wakatoa jarida la *Tattootime*, wakiandika juu ya tatuu za Borneo na Samoa kwa uzito uleule waliouweka kwenye za Marekani. Ulipoingia mwaka 2000, mwaka wa joka kwa kalenda ya Kichina, alitandaza gombo la karatasi la urefu wa takriban mita 150 akachora majoka 2,000. Fikirieni mtu ambaye kwa miaka 30 kila mstari wake ulikuwa ni maumivu ya mwingine, hawezi kufuta, hawezi kujaribu, leo ana brashi na karatasi isiyolia. Majoka yale yanagongana, yanamwagika rangi, mengine ni kichwa tu, mengine ni doa lenye jicho. Hakuna mteja ambaye angelipia joka la namna hiyo. Mwaka 2019 jumba la de Young la San Francisco lilimfanyia maonyesho makubwa, likiwa na michapo yake ambayo alikwisha kuikabidhi kwa hifadhi ya jumba hilo.

Sasa wengi wenu jina la Ed Hardy mmelikuta kwingine. Miaka ya 2000 mfanyabiashara Mfaransa, Christian Audigier, alipewa leseni ya kutumia michoro yake kwenye nguo, na chui na mafuvu vikasambaa dunia nzima, juu ya kofia, mikoba, hata marashi. Mtindo ulipochuja kule, fulana zikaingia kwenye mabelo. Ukipekua vizuri kwenye masoko ya mitumba ya Karume au Gikomba bado unaweza kuiona: nyeusi iliyopauka, chui ameachama kifuani, vikokoto vinavyometa vimebanduka vingine vikaacha alama za gundi, na saini ya mchoraji imepita begani. Kijana anayeivaa anavaa mchoro uliosafiri kutoka karatasi za Edo hadi Gifu, hadi California, hadi kontena. Kwa shilingi elfu chache, huo si mkusanyiko mbaya.

Mchoro ni wa nani, basi? Mahakama zimeshaulizwa. Victor Whitmill alipomchora Mike Tyson usoni mwaka 2003 alimtaka asaini karatasi kwamba mchoro ni mali ya mchoraji. Mwaka 2011 kampuni ya Warner Bros. ilipouweka mchoro kama ule kwenye uso wa mhusika wa filamu *The Hangover Part II*, Whitmill akashtaki. Jaji hakuizuia filamu, lakini alionyesha kwamba hoja ya mchoraji ina nguvu, na pande mbili zikamalizana nje. Mwaka 2020 jaji wa New York alikuwa upande mwingine: tatuu za LeBron James zilizoonekana kwenye mchezo wa kompyuta hazikuwapa wenye haki za michoro chochote, kwani mtu ana ruhusa ya kuonekana na mwili wake. Mimi naona majaji wote wawili wana akili. Uso ni wa Tyson. Kilichompa Whitmill ubavu ni karatasi aliyosainiwa.

Turudi nyumbani, kusini, kwenye nyanda za Newala na ng'ambo ya Ruvuma huko Mueda. Wamakonde chale zao wanaziita *dinembo*, yaani nembo. Fundi alikata ngozi kwa kisu kidogo, akasugua masizi ya mbarika kwenye vidonda, na alama ilipopona ikawa na weusi wa bluu. Ili ijae vizuri ilirudiwa. Wanaume usoni na kifuani, wanawake usoni, tumboni, mgongoni: mistari ya pembe pembe iliyopandana, vijiumbo vya wanyama, mapambo yanayozunguka kitovu. Wamakonde wa Msumbiji waliovuka kuja kuvuna mkonge walikuja nazo, na mtu aliwatambua kabla hawajafungua kinywa. Kisha zikapigwa vita. Wamisionari walizikemea, chama cha FRELIMO nacho kilizipinga wakati wa mapambano ya ukombozi wa Msumbiji, vijana wa mjini wakaona haya. Leo ziko kwenye nyuso za wazee.

Lakini kulikuwa na mchongaji. Kinyago cha *lipiko*, kile kinachovaliwa kichwani kama kofia katika ngoma ya mapiko, kina nywele za binadamu zilizobandikwa, mdomo wenye ndonya kikiwa cha mwanamke, na mashavuni kina nembo. Nyingine zimechongwa. Nyingine zimejengwa kwa nta ya nyuki: vipande vyembamba vimekunjwa, vimebandikwa juu ya mti, vimesimama kama chale iliyovimba. Kipo pia kinyago cha tumbo, anachokivaa mwanamume anapocheza kama mwanamke mjamzito. Matiti, tumbo limejaa, kitovu kimechomoza, na kutoka kitovuni safu za pembe pembe zinakwenda ubavuni, zikipanuka pale tumbo linapopanuka. Aliyekichonga alijua kwamba nembo iliyokatwa msichana akiwa mwembamba itanyooka mimba ikikua. Hilo ndilo Fukushi alilolikosa kwenye vioo vyake.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala, akapiga picha, akarekodi nyimbo, akarudi Leipzig na vinyago. Wenye nembo wa siku zile walizikwa kwao. Mbao ziko Ulaya, na kwa muda mrefu zimesomwa kama sanamu tu, ilhali ni daftari za mafundi wa chale.

Mwaka 2014 jumba la quai Branly la Paris lilifungua maonyesho makubwa ya tatuu. Waandaaji walikabiliwa na swali letu lilelile, wataonyesha nini kama watu hawawezi kutundikwa ukutani? Wakawapa wachoraji mashuhuri viungo vya silikoni, mikono, miguu na viwiliwili, wachore juu yake kwa sindano kama kwenye ngozi. Magazeti yakasifu ubunifu huo. Nami nausifu, ila Mmakonde mwenye nta yake alikuwa ameshafika hapo.

Nimalizie kwa mambo mawili ya kazi. Vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaochora tatuu leo hubuni kwenye kishikwambi, na kishikwambi kikianguka, miaka mitatu ya michoro imekwenda. Mafundi wa hina wa Unguja na Lamu wako vilevile: ua la harusi linafutika baada ya wiki mbili, na ruwaza iko kwenye simu ya bibi harusi. Karatasi ni rahisi. Wachapishe, waandike tarehe, waweke kwenye jalada.

La pili ni wazee wa kusini. Wanafunzi wa kuchora mnaokwenda likizo Mtwara, mnayo macho na penseli. Bibi akikubali, chora nembo yake na uandike jina la kila ruwaza kama anavyolitaja yeye, jina la aliyemkata kama analikumbuka, na jina lake mwenyewe likiwa juu kabisa, kama atataka litajwe. Asipokubali, kunywa chai yake uondoke. Na nakala ya kwanza ibaki nyumbani kwake, kwa sababu wajukuu watakuja kuitafuta huko kabla ya kuitafuta kwetu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mikono imeshanyooshwa, tuanze na dada wa pale nyuma.